Pakiti ya Nambari Moja

Duka langu lilikuwa dirisha. Mume wangu alitoboa ukuta wa chumba cha mbele, akatia kipande cha bati kinachofunguka kwa juu na kushikiliwa na kijiti, akasema, "Haya, mama, kaa hapa uuze." Wakati huo alikuwa dereva wa lori la maji kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Alikuja nyumbani Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi, mavumbi bado yako masikioni. Siku nyingine zote za juma nilikuwa mimi, mtoto wangu wa kubeba, na joto la Garissa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mwaka ulikuwa wa tisini na saba, kabla mvua kubwa haijaja kutufundisha adabu. Niliuza sukari iliyofungwa kwenye karatasi za gazeti, majani ya chai, basta, yaani tambi, sabuni ya kipande, mafuta ya kupimwa kwa kikombe. Mbele ya dirisha palikuwa na benchi la mbao na kivuli cha mwarobaini, na ng'ambo ya barabara ilikuwa shule ya msingi. Kengele ya mapumziko ikilia, nilisikia kwanza vishindo vya miguu, kisha nikaona vidole kumi au ishirini vimeng'ang'ania ukingo wa dirisha. Korongo wenye upara, wale ndege wakubwa waliokuwa wakichokoa takataka karibu na ukuta wa shule, walisogea kando kwa madaha, kama wazee waliokatizwa mazungumzo.

Nikikumbuka siku hizo hukumbuka kwanza furaha. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaeleweka vibaya nikifika kwenye aibu.

Bidhaa zangu ndogondogo nilizipata kwa mchuuzi mmoja wa jumla aliyekuja na basi la Nairobi mara moja kwa mwezi. Alikuwa mtu wa maneno matamu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu hata kwenye jua lile. Siku moja alifungua katoni yake akatoa kadi kubwa, pana kama sinia la pilau. Juu ya kadi ile vilikuwa vimebanwa vijipakiti vya karatasi, safu kwa safu, vya rangi ya waridi na kijani. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na peremende na karatasi ndogo yenye nambari. Pembeni ya kadi zilining'inia zawadi: pete za plastiki, filimbi, mapulizo, gari dogo, saa ya mkononi ambayo mishale yake ilikuwa imechorwa tu. Na juu kabisa, katikati, ndani ya mfuko wake wa nailoni, gemu.

Ilikuwa ya kushikwa mkononi, ya kijivu, yenye kioo kidogo na vitufe vya njano. Ukiiwasha, matofali madogo meusi hushuka kutoka juu na wewe unayapanga yasijae. Watoto wa Garissa walikuwa wamesikia habari zake kwa binamu zao wa Nairobi. Kuna aliyedai amewahi kuigusa. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa gemu ya kwanza kuiona kwa macho.

"Mtoto ananunua pakiti shilingi mbili," mchuuzi alinieleza. "Anafungua, anasoma nambari, unampa zawadi yake. Nambari moja ndiyo gemu."

"Hii si kamari?" nikauliza. Nililelewa kwenye nyumba ambamo hata mchezo wa karata ulifichwa babu akiingia.

"Kamari wapi, dada? Kila pakiti ina peremende. Hakuna anayetoka mikono mitupu. Kamari ni mtu kupoteza. Hapa nani anapoteza?"

Nilikuwa nimekwisha kuipenda kadi ile. Ndipo akaipindua, akabandua pakiti moja ya rangi ya waridi iliyokuwa imebandikwa nyuma kwa gundi ya karatasi, akanitia mkononi.

"Hii ndiyo nambari moja. Usiiweke sasa. Weka zikibaki chache, kama saba, nane hivi. Gemu ikitoka mapema, nani atanunua tena?"

Nikacheka, kama mtu anavyocheka akioneshwa mlango wa nyuma. Pakiti ile nikaitia kwenye kopo la sindano na nyuzi, nikaliweka rafuni nyuma ya chumvi.

Wiki ile ya kwanza sijawahi kuona mfano wake. Watoto walioniambia jana yake hawana hata senti walikuja na shilingi zenye jasho. "Eddo, nipe bakiti! Eddo, bakiti ya kijani!" Hakuna hata mmoja aliyesema pakiti, kwani sisi wote ndimi zetu ni za Kisomali: p kwetu ni mgeni, na v hugeuka f. Waliniita eddo, yaani shangazi, ingawa wengi wao sikuwa hata na ukoo nao. Walikuwa na taratibu zao. Mmoja hakufungua pakiti mpaka asome bismillahi. Mwingine alimpa mdogo wake afungue kwa kuwa mdogo wake alizaliwa siku ya Ijumaa. Pakiti ikipasuka pumzi zote zilishikwa, halafu kelele: filimbi! Jioni mtaa mzima ulikuwa filimbi, na mama zao walinitazama kwa jicho la pembeni huku wakinunua sukari. Nilikuwa nacheka peke yangu dirishani. Nilikuwa msichana wa mjini niliyeolewa nikafungiwa chumba, na sasa dunia yote ilikuwa inakuja mbele yangu kila siku saa nne.

Kati ya watoto hao alikuwapo msichana mmoja ambaye hakuwa wa shule. Alikuwa na miaka kumi na moja hivi, mwembamba, mtandio wake umefifia rangi, na mkononi daima ana kikombe cha bati cha kupimia maziwa. Ukame ulikuwa umewasukuma wazazi wake na ngamia mbali, pande za Wajir, nao wakamwacha mjini kwa bibi yake. Kila asubuhi pikapu ilileta madebe ya maziwa ya ngamia kutoka huko malishoni. Bibi alipokea debe lake, na mjukuu akalizungusha nyumba kwa nyumba. Alianza kwangu. Nilikuwa mteja wake wa kwanza wa siku.

Yeye hakununua pakiti kama wenzake. Aliweka kikombe chini, akaegemeza kidevu ukingoni, akaitazama kadi kwa muda mrefu. Aliomba ruhusa akaigusa pakiti hii na ile kwa ncha ya kidole.

"Eddo, ya gemu itakuwa nzito kidogo, sifyo?"

"Sijui, mama."

"Lazima. Nambari ya maana wanaandika kwa karatasi ngumu." Akafikiri. "Na hawawezi kuiweka pembeni. Pembeni kila mtu anachukua. Iko katikati."

Akachagua moja ya katikati. Pete. Akaivaa, hakulalamika, akachukua kikombe chake. Kesho yake alirudi na hesabu nyingine: sasa alikuwa anafuata safu. Siku iliyofuata akaniambia ameota ya kijani. Nami nilisimama pale nikamsikiliza, nikamwambia, "Haya, jaribu," huku kopo la sindano likiwa nyuma ya kisogo changu, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeligusa.

Miaka mingi baadaye mwanangu, yule niliyekuwa nambeba wakati ule, alinionesha mchezo kwenye simu yake. Mna masanduku ndani yake, yanametameta. Unalipa, sanduku linafunguka kwa mbwembwe, unapata upanga au kofia au kitu kingine kisicho na faida. Nilimuuliza kama kile kitu kikubwa wanachokitaka wote kimo kweli ndani. Akasema kimo, ila ni nadra sana. Nikamuuliza, "Na ni nani anayejua?" Akanitazama kama mzee anayeuliza mambo ya kizee. Hakujua swali langu limetoka wapi, nami siku hiyo sikumweleza.

Chai yangu ndiyo iliyoanza kunionya. Maziwa ya ngamia yana mwili wake, yana harufu ya moshi wa chombo kilichofukizwa. Asubuhi moja nilitia kikombe kizima na chai ikabaki na rangi ya maji ya mto. Nikadhani ni ukame; ngamia akikonda na maziwa hukonda. Baada ya siku chache jirani yangu alilalamika. Kisha mwenye hoteli ya pembeni akasema hatanunua tena kwa yule bibi. Nikasikia yote hayo, nikaendelea kuuza pakiti. Nilikuwa sijaunganisha. Au tuseme nilikuwa nimeunganisha lakini sijajiambia.

Bibi alikuja mwenyewe siku ya Jumatatu, kwenye saa tano. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa mwanamke mrefu, jicho moja lina ukungu, na sauti yake ilikuwa ya kuita ngamia. Alikuwa amemshika mjukuu wake mkono, na mkono mwingine ana kikombe kile cha bati.

"Onja!" akaniambia, hata salamu hajatoa.

Nikaonja. "Maji, ayeeyo," nikasema, nikimwita bibi kwa Kisomali.

"Maji! Miaka arobaini nauza maziwa, hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Leo mwenye hoteli amenirudishia maziwa mbele ya watu. Huyu anatia maji vikombe viwili, anauza vikombe viwili vya ziada, na zile pesa za ziada analeta kwako. Ameniambia mwenyewe. Sasa nionyeshe hicho kitu kinachomfanya mtoto wangu aibe."

Msichana alikuwa anatazama miguu yake. Niliishusha kadi, nikaipitisha dirishani, nikaiweka juu ya benchi. Zilikuwa zimebaki pakiti kama ishirini. Bibi aliinama na jicho lake zima, akakagua.

"Hizi?" akasema. "Peremende?"

"Peremende na bahati, ayeeyo."

Akatoa sarafu kwenye fundo la nguo yake, akaitupa benchini. "Nipe moja."

Akaipasua kwa meno. Peremende akampa mtoto aliyekuwa karibu, karatasi akanipa nimsomee. Filimbi. Nikampa. Akaipuliza mara moja, ikalia, na uso wake ukafunguka, nikaona meno yaliyobaki. Watu wawili waliokuwa wamesimama wakacheka.

"Nipe nyingine," akasema.

Nyingine ilikuwa pete. Alikuwa ameshaanza kufungua fundo mara ya tatu, macho yako kwenye kadi, kidole kinatafuta, ndipo mkono wake ukasimama. Akaufumba. Akanitazama.

"Subhanallah," akasema, taratibu sasa. "Umeona? Mimi mwanamke mzee, nimekuja hapa na hasira, na mkono umekwenda wenyewe." Akamgeukia mjukuu wake, na sauti haikuwa tena ya ngamia. "Ndivyo unavyosikia?"

Msichana akaitika kwa kichwa.

"Na hicho cha juu, kinachong'aa. Nambari yake imo humu?"

"Ayeeyo, kila pakiti ina peremende yake," nikasema. "Hakuna anayetoka mikono mitupu." Nilisikia maneno ya mchuuzi yanatoka kinywani mwangu.

"Peremende dukani kwako ziko kwenye mtungi, senti hamsini. Huyu hakuja kununua peremende. Nimekuuliza: imo?"

"Imo."

"Sema wallahi."

Ni neno tunalolitumia mara mia kwa siku. Tunaapia bei ya mbuzi, tunaapia kwamba tumekwisha kula. Ningeweza kulisema na hakuna ambaye angejua. Lakini msichana alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa na shaka yoyote usoni. Alikuwa anangoja tu niseme, ili ajue kwamba hesabu zake zote zilikuwa na pa kwenda. Ulimi wangu ukakataa.

Nikageuka, nikasogeza chumvi, nikafungua kopo. Sindano moja ilinidunga. Nikaweka pakiti ya waridi juu ya benchi, kando ya kadi.

Bibi hakuelewa mara moja. Ilibidi nimweleze, na kueleza kulikuwa kugumu kuliko kuonesha. Msichana yeye alielewa papo hapo. Alinyoosha kidole, akaigusa pakiti ile kama alivyozoea kuzigusa zile nyingine.

"Si nzito," akasema.

Bibi alimshika mkono wakaondoka. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Siku iliyofuata, kengele ya mapumziko ilipolia, niliwaita watoto wote. Niliwaambia kwamba nambari moja haikuwamo, kwamba mimi nilijua, na kwamba kadi imekwisha. Kisha nikazipasua pakiti zote zilizobaki mbele yao, nikagawa peremende, pete na filimbi kwa yeyote aliyekuwa amewahi kununua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nami niliipata, lakini si ile niliyoitarajia. Mvulana mmoja wa darasa la sita alinikodolea macho akasema, "Sasa kwa nini umefungua, eddo? Ungetia hiyo moja ndani, tuendelee." Wenzake wakaunga mkono. Hakuna aliyekuwa amekasirika kwamba nilimdanganya. Walikasirika kwamba nilimaliza. Nilisimama na karatasi zilizopasuka mkononi, nikahisi joto usoni ambalo halikuwa la jua. Nilikuwa nimewafundisha kitu kwa wiki tatu na sasa nilitaka wakisahau kwa dakika tano.

Gemu nilikwenda nayo kwa bibi, nikaomba msamaha, nikamwambia ni ya mjukuu wake, kwani hakuna aliyeitafuta kama yeye. Akaikataa.

"Ukimpa, atajua kwamba kutia maji maziwa kunalipa," akasema. "Na mwenye hoteli, utanirudishia?"

Hilo la mwenye hoteli niliweza kulifanya. Nilikwenda kwake nikamwambia kosa lilianzia kwangu. Alinisikiliza huku akikoroga chai, akasema atafikiri. Alifikiri juma zima, ndipo akaanza tena kununua, lakini daima akionja kwanza, na bibi alisimama pale akiitazama midomo yake.

Mchuuzi aliporudi alikuwa na kadi mbili mpya. Nilipomwambia niliyoyafanya alishangaa kwa dhati, hakuwa na ubaya. "Dada, watoto wana furaha ngapi huku?" akaniuliza, akionesha kwa mkono barabara, vumbi, punda wenye mapipa ya maji. "Mimi nawaletea moja." Hilo nimelifikiria zaidi ya mahubiri yote niliyowahi kusikia, kwa sababu halikuwa uongo mtupu. Furaha ilikuwapo. Niliiona kila siku saa nne, na sijaiona tena vile. Sikuchukua kadi zake, na yeye akauza kwa mwingine mtaa wa pili.

Gemu nikaiweka benchini, imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa benchi. Kila mtoto alipata zamu yake, bure, mpaka matofali yajae. Ndio wakati ninaoutamani hasa. Vichwa kumi vimeinamia kioo kimoja, mchezaji mmoja na makocha tisa, "Geuza! Geuza, mjinga!" na kile kijisauti chembamba kila mstari ulipofutika. Msichana wa maziwa hakuja. Alipita asubuhi, akanipimia kikombe changu, maziwa mazito yenye harufu ya moshi, akaenda zake bila kutazama benchi. Ilichukua karibu mwezi mzima. Siku moja alikaa. Mara ya kwanza aliijaza upesi, ya pili akachukua muda. Baada ya siku chache hakuna mvulana aliyemfikia. Aliyaona matofali kabla hayajashuka, vidole vimetulia, midomo ikitembea kidogo. Bibi yake alisimama nyuma siku moja, akatazama, akauliza, "Hapa hakuna pesa?" Nikasema hakuna. "Wallahi?" Nikasema wallahi. Akaenda kukaa kivulini.

Kisha mvua ikaja. Wanaoijua Garissa ya mwaka ule hawahitaji kuambiwa. Mto Tana ulipanda, barabara ya Nairobi ikakatika, lori la mume wangu likakwama siku kumi na mbili kwenye matope njia ya Dadaab. Sukari ikaadimika, mafuta ya taa yakaadimika, na betri za gemu zikafa, na mjini hazikupatikana nyingine. Watoto walizianika kwenye jua kidogo lililojitokeza, wakazing'ata, wakapata dakika mbili tatu, kisha basi. Wakarudi kwenye mpira wa matambara.

Maji yalipopungua, nyika yote ilikuwa kijani, jambo ambalo yule msichana wa maziwa, kwa miaka yake yote kumi na moja, hakuwa ameliona hata mara moja. Baba yake akaja kumchukua. Kulikuwa na ndama wengi na mikono michache. Asubuhi ya kuondoka alipita kwangu na kikombe chake kwa mara ya mwisho. Bibi angebaki, na maziwa yangezungushwa na mtu mwingine. Nilimfungia sukari na majani ya chai ya safari. Alivipokea, lakini hakuondoka.

"Eddo," akasema, "wakati ule nilikuwa nachagua. Ulikuwa unanicheka moyoni?"

"La," nikasema. "Nilikuwa natamani uipate."

Na ilikuwa kweli. Kila alipopasua pakiti, mimi pia nilishika pumzi, kama vile sikujua.

Alilipima jibu hilo, uso umekunjamana, kama alivyokuwa akizipima pakiti.

"Basi si ungeiweka," akasema.

Baba yake alikuwa anamwita kutoka kwenye lori. Alifunga vizuri mtandio wake, akaniaga, akavuka barabara akikwepa madimbwi.